Siku ya Jembe Ninayodaiwa na Mwaitu Syokau

Siku ile walikuwepo Mwaitu Syokau, aliyekuwa kiongozi. Mama Ndanu, ambaye sauti yake ilifika shambani kabla yake. Mbithe na Kavata, wake wa ndugu wawili wa boma moja, ambao hawakuwa wakisemezana lakini walichimba bega kwa bega. Mama Mwanzia na mtoto mgongoni. Wayua wa kanisani, aliyeomba kabla ya kazi hadi Mama Ndanu akasema amina mara tatu ili amalize. Nzilani, aliyekuwa ameolewa mwezi huo na akaja shambani na viatu vya harusi. Na nyanya mmoja tuliyemwita Susu tu, ambaye kazi yake ilikuwa sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Hao ni wanane. Upande wetu tulikuwa wanne: mimi Mwikali wa miaka kumi na sita, Muthama wa kumi na miwili, Ndinda wa tisa, na Kioko, ambaye bado alivalishwa suruali. Na juu ya jiwe, kofia ikiwa magotini, alikaa Baba Mkubwa Nzioka, kaka ya marehemu baba yetu. Yeye alikuja kuangalia tu.

Nawataja wote kwa sababu kila mmoja wao, isipokuwa Baba Mkubwa, alinipa siku yake. Ninyi vijana mliochukua majembe yetu mnajua mwethya kwa jina, lakini wengi wenu mnafikiri ni kikundi cha kuchanga pesa. Sisi tulichanga migongo. Ukija kwangu ukachimba siku moja, nami nitakuja kwako nichimbe siku moja. Hakuna karatasi. Mtu akikudai siku, unaijua kama unavyojua njaa, huhitaji kukumbushwa.

Shamba letu liko kwenye mteremko, ng'ambo ya Mbumbuni, mahali ambapo mbuzi akisimama vibaya anashuka bila kutaka. Baba alitangulia kufariki, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nikaacha shule darasa la saba, kwa sababu ilikuwa lazima mtu apike. Korongo lilikuwa limeanza kwenye kona ya juu ya shamba na kila mvua lilikula hatua mbili tatu. Msimu wa kwanza bila wazazi tulivuna mahindi ya kujaza kofia tu.

Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba wake mwenyewe. Alituketisha akasema, "Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikipita na hapa hakuna chakula cha kuwafikisha mvua ijayo, nawagawanya. Muthama atakuja kwangu achunge mbuzi. Ndinda ataenda kwa shangazi yenu huko Kitui. Huyu mdogo tutamtafutia. Wewe Mwikali, umekaribia kuolewa."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu akipiga kelele unaweza kumjibu.

Basi Mwaitu Syokau, jirani yetu wa chini, akasikia. Mwaitu ni mama, na ndivyo tunavyomwita kila mwanamke wa rika la mama zetu. Hakuja kunipa pole. Alikuja asubuhi, akapima mteremko kwa macho, akasema, "Mitaro mitano. Jumanne tunakuja. Tafuta maji ya kunywa ya kutosha, hawa wanawake wanakunywa kama ngamia."

*

Kabla sijaendelea, acheni niwaambie kuhusu jembe, kwa sababu juzi nilipita mkichimba nikafumba macho.

Jembe likilegea kwenye mpini, usipigilie msumari. Liweke kwenye karai la maji usiku kucha. Mbao itavimba na asubuhi litakuwa limeshika. Usichimbe kwa mikono. Inua tu, uache uzito wa chuma ufanye kazi. Mtaro wa fanya juu ni kama jina lake: udongo unautupa juu, upande wa mlima, uwe tuta. Ukiutupa chini umerahisisha kazi ya leo na kuharibu ya mwakani. Na kati ya tuta na mtaro acha nafasi ya unyayo mmoja, la sivyo udongo wote utarudi ulikotoka na wewe utarudi na jembe lako kuufuata. Panda nyasi kwenye tuta wiki hiyohiyo. Mtu anayesema atapanda nyasi baadaye hapandi.

Hayo yote yanafundishika. Lakini kuna jambo moja ambalo watu huniuliza na sijui kulifundisha, nalo ni hili la furaha.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari ndiye mpiga laini za mitaro wa kikundi, shirika moja lilituletea mtaalamu. Alikuwa kijana mpole, amevaa kizibao chenye mifuko isiyohesabika, ana shahada ya juu ya mambo ya furaha. Tulimwita Daktari. Alikuwa anatafuta kujua kwa nini watu wa kazi za mikono wanacheka kuliko watu wa ofisini. Alifungua tableti yake kando ya mtaro akaanza na Mwaitu Syokau.

"Mama, kutoka moja hadi kumi, una furaha kiasi gani?"

"Kumi ni ya nani?"

"Ni ya mtu mwenye furaha kabisa."

"Umeshamwona?"

Daktari akafikiri. Alikuwa mkweli. "Bado."

"Mkimpata mtuletee achimbe."

Akamgeukia Mama Ndanu na swali lilelile. Mama Ndanu akajipangusa jasho. "Kabla ya chai au baada?"

"Kwa ujumla, mama."

"Kwa ujumla sijawahi kuwa. Mimi huwa kabla, au huwa baada."

Kwangu alileta swali gumu zaidi. Aliniuliza kama kazi yangu inanipa maana. Nikamwambia inanipa mahindi. Akasema, sawa, lakini zaidi ya mahindi? Nikamwambia zaidi ya mahindi kuna mbaazi, zinavumilia jua. Wanawake wakacheka, na mimi nikaona haya kidogo, kwa sababu kijana hakuwa na dharau. Alitaka kujua kweli. Akaniambia yeye mwenyewe halali vizuri.

"Basi shika jembe," nikamwambia.

Alivua kizibao, akachukua jembe, akapiga kwa nguvu zake zote, akautupa udongo chini ya mteremko.

"Fanya juu, Daktari!" Mama Ndanu akapiga ukelele. "Juu! Unamzika nani huko chini?"

"Nisameheni."

"Usituombe msamaha sisi, omba huo udongo."

Saa sita aliliweka jembe chini. Alikula muthokoi sahani mbili, akalala kwenye kivuli cha mbaazi, mdomo wazi, nzi wakimtembelea. Alipoamka hakuuliza swali lolote. Alichimba hadi saa kumi. Akaondoka akiwa amesahau tableti yake kwenye nyasi, na kesho yake alirudi akikimbia, akaikuta Mama Ndanu ameifunika kwa karai ili isipigwe na jua.

Ripoti ilipotoka tulisomewa na mtu wa shirika. Ilisema furaha ya kikundi chetu ni ya wastani. Mama Ndanu aliinua mkono. "Huo wastani ni mtaro wa ngapi kutoka juu?"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini swali la yule kijana nimekaa nalo. Msifikiri nitawaambia kwamba kuchimba ni kutamu. Nyinyi mnatumiana picha za machweo zenye maneno kwamba kazi ndogo huleta amani. Nani aliwaambia ni ndogo? Kuna asubuhi nilichukia jembe hadi nikalificha nyuma ya choo nikadanganya limeibwa. Mgongo wangu wa leo ni ushahidi. Nikisikia mtu kwenye redio akisema maskini hana mawazo mengi ndiyo maana anafurahi, natamani nimpe watoto watatu na korongo.

*

Turudi siku ile.

Laini ya mtaro haipigwi kwa macho. Macho ni waongo. Kwenye mteremko, mahali panapopanda unaona panashuka. Tulitumia vijiti viwili vya urefu mmoja, kamba ya hatua kumi kati yao, na katikati kabisa ya kamba tunaning'iniza pima maji, kile kichupa kidogo chenye povu ambacho mafundi wa nyumba wanacho. Mmoja anashika kijiti hapa, mwingine anasogea na cha pili juu, chini, juu, hadi povu litulie katikati. Hapo unapigilia kigingi. Ukifika mwisho wa shamba, vigingi vyako vinakuonyesha maji yatakaa wapi yakisimama.

Mwaitu Syokau alinifundisha kwenye mtaro wa kwanza. Alikuwa na mazoea ambayo wengine walimcheka: kila mara kabla ya kuanza alikunja kamba mara mbili, ncha kwa ncha, aone kama pima maji bado iko katikati.

"Mwaitu, jana ilikuwa katikati," Nzilani alimwambia.

"Jana ulikuwa hujaolewa," akamjibu. "Mambo yanabadilika."

Mtaro wa pili tulipiga pamoja. Wa tatu akanipa kamba mbele ya watu wote. "Mwikali apige huu. Muthama atamshikia kijiti." Nilijua kwa nini amefanya hivyo. Baba Mkubwa alikuwa ameketi kwenye jiwe lake. Mwaitu alitaka aone kwamba shamba lina mwenyewe.

Nilipiga vigingi vinne vizuri. Kisha kamba ikanasa kwenye kisiki cha mgunga, nikaivuta, ikakatika. Si karibu na pima maji. Upande mmoja, hatua mbili kutoka kwenye kijiti cha Muthama. Niliinua kichwa. Baba Mkubwa alikuwa anatazama moja kwa moja kwangu.

Nilipiga fundo haraka, kama mtu anayejifunga leso. Fundo lile lilikula kamba urefu wa shubiri moja. Upande mmoja ukawa mfupi, na pima maji haikuwa tena katikati. Kukunja kamba kungechukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Sikukunja. Niliogopa angeona kwamba kitu kimeniharibikia mkononi.

Kamba ya aina hiyo haikudanganyi sana. Kila hatua inakudanganya kidole kimoja tu, na povu linatulia katikati likikuangalia usoni. Lakini vidole vinaongezana, na vyote vinaelekea upande mmoja. Laini yangu iliteremka taratibu kuelekea mashariki ya shamba, na wanawake wakaichimba kama nilivyoipiga, wakitaniana.

"Mama Ndanu, hilo tuta au kaburi la sungura?"

"Ni la mdomo wako, Nzilani. Nimepima, utatosha."

Jioni mitaro mitano ilikuwa imekatiza mteremko wetu. Baba Mkubwa alishuka kwenye jiwe, akatembea juu ya tuta la tatu akilipigapiga na kisigino. "Limeshika," akasema. Nililala nikiwa na mikono iliyopasuka, na nadhani mtu angenipa tableti usiku huo ningeandika tisa.

Tulipanda mahindi, mbaazi na kunde. Mwaitu Syokau, ambaye shamba lake liko chini ya letu, alipanda ndengu.

Mvua ilikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Ninyi mnaijua mvua yetu, haina subira, inamwaga ya mwezi mzima kama mtu anayerudisha ndoo ya kuazima. Nilisimama mlangoni na wadogo zangu. Mtaro wa kwanza ulijaa vizuri. Wa pili ukajaa vizuri. Wa tatu, maji hayakukaa. Yalikimbia yote upande wa mashariki, yakarundikana pale kwenye kona, yakapanda tuta, na tuta likafunguka kama gunia lililokatwa. Yaliyotoka huko yaliubeba mtaro wa nne kana kwamba haukuwahi kuchimbwa. Kisha yakamwagika kwenye shamba la Mwaitu Syokau, na ndengu zake za siku sita zikashuka mtoni.

Muthama alikuwa wa kwanza kusema. "Dada, tutagawanywa?"

Nilichukua gunia nikajifunika kichwa, nikashuka. Nilimkuta amesimama katikati ya shamba lake, naye amejifunika gunia, matope yamefika kwenye mashavu ya miguu. Hakuwa analia wala kupiga kelele. Alikuwa anaangalia tu, kama mtu anayesoma barua.

"Mwaitu, nimekuharibia."

"Leta kamba," akasema.

Nilikuwa nimekuja nayo. Sijui kwa nini niliichukua, nadhani nilijua. Aliikunja ncha kwa ncha kwenye mvua ile. Pima maji ilining'inia pembeni, nusu shubiri kutoka katikati.

"Ilikatika lini?"

"Baba Mkubwa alipokuwa anatazama."

"Ukaona haya."

"Ndiyo, Mwaitu."

Akafungua fundo langu kwa meno, maana lilikuwa limelowa na kukaza. Akalifunga upya, akapima, akasogeza pima maji mahali pake, akanirudishia. "Kesho tunarudi."

"Kwako?"

"Kwako. Kwangu hakuna anayegawanya watoto."

Kesho yake walirudi wote wanane. Mama Ndanu hakunificha. "Tunarudia kazi kama watoto waliofeli hesabu," alisema. "Na mwalimu wetu ni huyu aliyeacha shule." Lakini alichimba ile kona ya mashariki mwenyewe, mahali pabaya kuliko pote, na hakumwachia mtu. Nzilani alikuja pekupeku. Nilipiga upya laini ya tatu na ya nne, na kabla ya kila kigingi nilikunja kamba, hadi Wayua akaniambia hata Mungu ameshaona.

Mvua ya pili ilikuja wiki iliyofuata, asubuhi. Ilipokatika nilipanda juu peke yangu. Maji yalikuwa yamesimama kwenye mtaro wa tatu kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine, rangi ya chai ya maziwa, yametulia sawasawa, hayaendi popote. Nilikaa kwenye tuta nikayaangalia. Sijui nilikaa muda gani. Daktari angeniuliza siku hiyo ningemjibu vizuri zaidi ya kumtajia mbaazi. Ningemwonyesha. Ila nisimdanganye: haikuchukua muda, Kioko alianza kulia kwamba mbuzi amekula uji wake, nikashuka nikipiga kelele.

Tulivuna mahindi magunia mawili, na kunde, na baadaye mbaazi. Baba Mkubwa alikuja akaingiza mkono kwenye gunia hadi kwapani, aone kama chini hatukujaza makapi. Alitoa mkono, akaupangusa, akavaa kofia.

"Muthama nitamhitaji wakati wa kuogesha mbuzi tu," akasema.

"Shule ikifungwa," nikasema.

Akaniangalia. "Shule ikifungwa," akakubali.

Mwaitu Syokau alipanda ndengu mara ya pili, amechelewa, mbegu za kuomba. Zilitoa maua mvua ikiwa imekwisha. Msimu ule alikula kidogo na hakusema kwa nini, na sisi wanne tulikula tukashiba mita mia moja juu yake. Nilikuwa naona moshi wa jiko lake, mara moja kwa siku badala ya mara mbili.

*

Siku nilizodaiwa nilizilipa, ila moja. Kila mmoja alinidai mbili. Mbithe na Kavata niliwachimbia kwa zamu, nikipeleka ujumbe wa mmoja kwa mwingine kwenye mtaro uleule, "Mwambie yule asogeze karai." Mama Mwanzia nilimlipa siku moja kwa kuchimba, nyingine kwa kumshikia mtoto alipougua malaria, alisema ni sawa. Wayua niliomba naye pia, lakini hiyo haikuhesabiwa. Susu alifariki kabla sijamaliza, nami nikalipa siku yake ya pili kwenye mazishi yake, nikisimama kwenye sufuria kubwa tangu alfajiri, kwa sababu siku ya kupika hulipwa kwa kupika.

Kazi ikanipenda baada ya hapo. Vikundi vikaniita kupiga laini. Nilienda hadi Migwani, kule Kitui, nikakaa msimu mzima. Udongo wa kule una mchanga mwingi na matuta yangu ya kwanza yaliyeyuka kama sukari, nikalazimika kujifunza upya kutoka kwa wanawake walionicheka namna ninavyoongea Kikamba. "Huyu wa Makueni anaongea kama anayekimbizwa," walisema. Walinifundisha kufanya tuta pana na kulipanda nyasi kabla hata mtaro haujafika mwisho. Kwa hiyo ukiona nimebadilisha maneno kati ya udongo huu na ule, si kusahau. Udongo hausomi kitabu kimoja.

Na kila niliporudi nilipita kwa Mwaitu Syokau. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshamlipa. Ya pili ndiyo haikulipika. Mwaka wa kwanza nilifika na jembe, akasema Kioko ana surua, nirudi nyumbani, kana kwamba mimi sikujua. Mwaka uliofuata nikakuta ameshachimba. Uliofuata, udongo umelowa. Mwingine, udongo umekauka. Wakati mmoja aliniambia jembe langu ni bovu, akaketi kulinoa hadi jioni huku tukiongea, kisha akasema sasa giza linaingia, nenda. Halafu mwanawe mkubwa akapata kazi nzuri, akaleta mashine ya njano iliyochimba mitaro yote ya shamba lile asubuhi moja, na mtu mmoja tu ameketi juu yake akisikiliza muziki.

"Sasa Mwaitu," nikamwambia, "utanipa kazi gani?"

"Ngoja," akasema. "Mashine haikumbuki mtu."

*

Muthama ni mtu mkubwa sasa. Ana ofisi Nairobi yenye zulia na msichana wa kuleta maji. Mitaro ile mitano ilimsomesha, pamoja na mbuzi kadhaa na usingizi wangu. Siku hizi ananitumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu kutafuta maana ya maisha. Amehudhuria semina tatu. Katika moja walifungwa vitambaa machoni wakaambiwa wasikilize pumzi.

Krismasi alikuja na gambuti mpya. "Dada, nataka kuchimba. Nataka kurudi kwenye udongo."

"Udongo haujaenda mahali."

Alichimba mtaro wa tatu, ule ule, tulikuwa tunauzibua matope. Baada ya muda akasimama, akavuta hewa. "Dada, haya ndiyo maisha."

"Ndiyo maisha ya dakika arobaini. Endelea."

Simu ikalia. Akaongea na mtu kuhusu mkutano, akitembea juu na chini ya tuta, akikanyaga nyasi zangu. Nilikuwa nimeshatayarisha neno la kumchoma. Lakini alipomaliza hakurudisha simu mfukoni. Alikuwa anaangalia lile jiwe.

"Alinishika miguu," akasema. "Baba Mkubwa. Siku ile kabla hamjaanza. Alinipapasa miguu kuona kama nitaweza kufuata mbuzi siku nzima. Nilidhani nimesahau."

Sikuwa najua. Miaka yote hiyo sikuwa najua.

"Sogea hapa," nikamwambia. "Unatupa udongo chini."

Tulichimba hadi saa sita. Usiku alilala vizuri. Nilimsikia akikoroma kupitia ukuta. Kama ilikuwa ni kwa sababu ya udongo, au kulia kidogo alikofikiri sikukuona, au sahani tatu za muthokoi, hilo mpelekeeni Daktari.

*

Mimi nimestaafu. Kamba na pima maji mnavyo ninyi, na magoti yangu yamesimamishwa kazi na daktari wa kweli, yule wa hospitali. Mwezi wa kumi uliopita, kabla ya mvua, nilishuka kwa Mwaitu Syokau polepole, nikitumia jembe kama mkongojo. Yeye sasa ni mzee sana. Jicho moja limekufa na jingine linaona mwanga tu. Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha miguu mitatu, ungo wa mbaazi kavu mapajani, vidole vikifanya kazi vyenyewe. Mkamwana wake, Mueni, alikuwa anafua nyuma ya jiko.

"Ni nani huyo anatembea kama punda mwenye jiwe kwenye kwato?"

"Ni mimi, Mwaitu. Nimekuja kulipa."

"Magoti yako yamekuja pia?"

"Yamekuja, lakini hayakutaka."

Nilikaa karibu naye. Nikamwambia nilivyokuwa nimepanga njiani. Kwamba sitaki mmoja wetu aondoke na jambo hili likiwa hivi. Kwamba nimtume Kioko, ana mgongo wa ng'ombe, atachimba siku mbili badala ya moja.

"Kioko alichimbiwa siku ile?"

"Alikuwa anakula udongo, Mwaitu."

"Basi simdai."

"Nimlipe kijana aje achimbe."

"Mimi nililipa mtu aje kwako?"

Mueni akacheka kule nyuma, kisha akajifanya anakohoa.

"Basi nikusaidie hizi mbaazi. Nitakaa hapa siku nzima hadi jioni. Ihesabu."

"Mbaazi ni mbaazi," akasema. "Siku ni ya jembe."

Kulikuwa na tuta kando ya jiko, tuta la zamani ambalo mashine haikulifikia, mbuzi wamelikanyaga hadi likabomoka kona. Niliinuka. Mueni akasema, "Mama, wacha," lakini hakuja kunizuia. Nilisimama vizuri, nikaacha nafasi ya unyayo mmoja, nikainua jembe, nikaliacha lianguke kwa uzito wake. Udongo nikautupa juu.

"Moja," Mwaitu Syokau akasema kutoka mlangoni, hajageuza kichwa.

Nikainua tena.

"Mbili."

Ya tatu goti la kulia lilitoa sauti ambayo hata yeye nadhani aliisikia. Niliutupa udongo juu, nikaegemea mpini, nikasubiri dunia itulie.

"Umemaliza?"

"Napumzika, Mwaitu."

Alichukua mbaazi nyingine, akaipasua kwa kucha, akaziachia punje kwenye ungo.

"Imebaki siku nzima," akasema. "Toa tatu."